Kitufe Ambacho Sikukibonyeza

Bwenini kwetu asubuhi huanza na sauti ya Matroni Beata. "Amkeni! Kuna aliyeletwa hapa kulala?" Basi wasichana wa darasa la sita na la saba tunaruka kutoka vitandani, tunatandika, tunafagia, tunapanga foleni bombani na ndoo zetu, kisha tunakwenda kunywa uji. Shule yetu iko nje kidogo ya Omurushaka. Ukisimama mlangoni mwa bweni unasikia honi za mabasi ya Bukoba na wapiga debe wakigombania abiria.

Mimi naitwa Kemilembe, niko darasa la sita. Nyumbani ni Kibingo, wilaya ya Kyerwa, mbali mno kwa mtu kutoka kwetu kila siku na kuwahi namba mstarini. Ndiyo maana nalala bwenini. Watu husema mimi ni mbishi. Si kweli hata kidogo. Nikiambiwa jambo la kweli, nanyamaza. Nikiambiwa la uongo, nabisha. Sasa kama watu wanapenda kuniambia ya uongo, kosa ni langu?

Kila asubuhi, kabla ya uji, mimi hupita kwanza kwenye korido kutazama kisanduku chekundu kilichofungwa ukutani karibu na chumba cha Matroni. Ni paneli ya kengele ya moto. Wakaguzi walipokuja walisema bweni lenye watoto wengi kama letu haliwezi kukaa bila kengele, kwa hiyo kabla ya likizo ya Juni akaja fundi kutoka Kayanga. Jina lake Noela, dada mmoja mwenye ovaroli ya bluu na ngazi ndefu. Nilimfuata kila alikokwenda mpaka akachoka.

"Wewe mtoto," akaniambia, "nishikie basi hii bisibisi, na ukae kimya."

Bisibisi niliishika. Kukaa kimya kulinishinda.

Lakini Dada Noela hakuwa na choyo. Alinionyesha waya unavyotoka kwenye paneli, unapita darini, unaingia kwenye kitambua moshi cha kwanza, unatoka, unaingia cha pili, hivyo hivyo mpaka cha mwisho. Mwisho wa waya alifunga kitu kidogo chenye mistari ya rangi, kama punje ya mchele. "Hii ni rezista," alisema. "Paneli hutuma umeme mdogo sana, ukifika hapa unarudi. Ikiona umerudi sawasawa, inajua waya ni mzima." Taa ya kijani maana yake umeme upo na mambo ni shwari. Ya njano maana yake kuna hitilafu, pengine waya umekatika. Nyekundu ni moto.

Alituonyesha pia kitufe cha ukutani, pembeni ya paneli. Mtu akiona moto anakibonyeza kwa nguvu, nacho kinazama ndani. "Kikizama hakirudi chenyewe," alisema. "Mpaka mchomeke ufunguo huu." Ufunguo akamkabidhi Mwalimu Mkuu. Halafu akasema jambo ambalo sikulisahau: "Kila kitambua moshi kina taa yake ndogo. Kikihisi moshi, kataa kanawaka kekundu na kubaki hivyo. Kwa hiyo kengele ikilia, mtoke nje kwanza. Mkishahakikisha hakuna moto, tazameni juu mjue ni kipi kimelia, ndipo mbonyeze kitufe cha kuanza upya kilicho kwenye paneli. Mkikibonyeza kabla ya kutazama, kataa kanazimika na hamtajua chochote."

Mwisho alimpa Matroni mfuko wenye vifuniko vya plastiki vya njano. "Siku mkifanya kazi yoyote ya vumbi humu ndani, mvirudishie vitambua moshi vifuniko vyake," alisema. Matroni akaitikia, "Sawa, waitu, ndugu yangu, sawa." Tuliporudi kutoka likizo mwezi wa Julai nilikikuta kimoja bafuni. Matroni alikuwa anawekea sabuni.

Kengele ililia mara ya kwanza siku tuliyotoa magodoro nje kuyakung'uta na kuyarudisha. Sauti yake si ya mchezo, inaingia mpaka kwenye meno. Tulikimbia wote hadi uwanja wa netiboli, wengine wakiwa na kiatu kimoja. Hakukuwa na moto wala moshi. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Benjamin, akaja mbio, akazima mlio, akabonyeza kitufe cha kuanza upya, taa ya kijani ikarudi.

"Mashine mpya hiyo," alisema. "Inazoea."

Ikalia tena siku tuliyotoa utando wa buibui kwa mifagio mirefu. Mwalimu akazima, akaanzisha upya, hakuna aliyetazama juu. Safari hii alikasirika. Akapanda kwenye kitanda, akazungusha kitambua moshi kilicho juu ya mlango, akakitoa. Papo hapo taa ya njano ikawaka na paneli ikaanza kulia pii, pii, pii.

"Mwalimu," nikasema, "waya unapita humo ndani. Ukikitoa, ni kama umeukata."

"Kemilembe, nani amekuuliza?"

"Hakuna, Mwalimu."

Paneli iliendelea kulalamika mpaka jioni tulipokuwa tunakula. Mwishowe Mwalimu alikirudisha mwenyewe, pii pii ikanyamaza, wala hakunitazama. Kisha akampigia simu Dada Noela, ambaye wakati huo alikuwa na kazi Bukoba. Aliweka sauti ya juu, kwa hiyo sote tulimsikia akijibu: "Mwalimu, shuleni mara nyingi ni wanafunzi. Wanabonyeza kile kitufe cha ukutani kwa utundu. Chunguza watoto wako."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Mara ya tatu ililia tulipokuwa tumesogeza vitanda kufagia chini ya uvungu. Wenzangu wakatoka mbio. Mimi nikakimbilia koridoni, maana nilitaka safari hii mtu atazame kabla ya kubonyeza. Sijafika vizuri, Matroni akatokea nyuma yangu, akapitisha mkono juu ya bega langu, akazima na kuanzisha upya. Kisha akanishika sikio.

"Ahaa! Kumbe ni wewe!"

"Matroni, mimi nimekuja kutazama!"

"Kutazama nini? Wenzako wote wako nje, wewe uko hapa na kidole chako! Twende kwa Mwalimu."

Mwalimu Benjamin alikuwa ofisini akisahihisha madaftari. Aliweka kalamu chini. Si mtu mbaya, Mwalimu Benjamin. Anafundisha hisabati mpaka unaipenda. Lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Umekibonyeza?"

"Sikukibonyeza, Mwalimu."

"Matroni amekukuta pale."

"Amenikuta pale, ndiyo. Hajanikuta nikibonyeza."

"Wenzako wanakimbia moto, wewe unaukimbilia. Kwa nini?"

Hapo alikuwa na haki, na mimi mtu akiwa na haki simbishii. "Hilo nimekosea, Mwalimu. Ungekuwa moto wa kweli ningeungua. Hilo naomba radhi. La kitufe siombi."

"Una mdomo wewe mtoto!" Matroni akasema.

"Mwalimu," nikaendelea, "ufunguo wa kile kitufe uko wapi? Dada Noela alisema kikizama hakirudi bila ufunguo. Sasa Matroni ameanzisha upya bila ufunguo, na kengele imenyamaza. Kingekuwa kimezama, ingelia tena. Kwa hiyo hakikubonyezwa."

Mwalimu akafungua droo. Ufunguo ulikuwemo, bado umo kwenye kimfuko chake cha plastiki. Aliutazama kidogo, akafunga droo.

"Fundi mwenyewe amesema ni wanafunzi. Wewe ni fundi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi nisikilize. Kengele ikilia ovyo, watoto watazoea. Siku ya moto wa kweli watabaki wamelala, na mimi ndiye nitakayewaambia wazazi wao. Jumamosi ni siku ya wazazi. Utasimama mbele yao uombe radhi. Usipoomba, unafungasha sanduku lako na bweni langu huligusi tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu. Lakini sikukibonyeza."

"Toka!"

Nilijua maana yake. Nikitolewa bwenini, shule ndiyo imekwisha, maana Kibingo na Omurushaka si mlango na mlango. Niliogopa nilipotoka pale, nisiseme uongo. Ila hasira ilizidi woga.

Jioni nikaitwa kuzungumza na Baba kwenye simu ya Mwalimu. Baba yangu, Mzee Deodatus Rwezaura, ni mkulima wa ndizi na kahawa, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule yetu. Wazazi wanamheshimu sana. Hata salamu yangu aliipokea kwa haraka.

"Kemilembe, mwanangu, unaniaibisha. Mtoto wa mwenyekiti! Omba radhi yaishe."

"Baba, sikukibonyeza."

"Sijakuuliza kama umekibonyeza. Nimesema omba radhi."

Akakata simu. Nilikwenda nyuma ya bafu nikalia. Mwalimu kutoniamini niliweza kuvumilia, na Matroni vilevile. Lakini Baba hakutaka hata kuuliza.

Usiku ule kabla ya taa kuzimwa, Ainembabazi, rafiki yangu anayelala kitanda cha chini, alinivuta mguu.

"Waitu, Kemi, sema tu ni wewe. Utafagia uwanja wiki moja, basi. Nani amekufa kwa kufagia?"

"Nikisema ni mimi, halafu ikalia tena?"

Akafikiri. "Utaomba radhi tena."

Tukacheka wote wawili, ingawa macho yangu yalikuwa yamevimba. Kisha akaacha kucheka. "Ukiondoka nitabaki na nani mimi?"

"Siondoki. Hebu nisikilize. Ililia tulipokung'uta magodoro. Ikalia tulipotoa buibui. Ikalia tulipofagia uvungu. Umeona?"

"Nimeona kwamba kengele haipendi usafi."

"Na Jumamosi, kwa ajili ya wazazi, tutafagia kuliko siku zote," nikasema. "Ngoja tuone."

Jumamosi ilifika. Tulifagia, tukapangusa madirisha, tukakung'uta blanketi, vumbi likapaa mpaka tukapiga chafya. Kisha Matroni akatutoa wote nje, akafunga mlango wa bweni na kutia ufunguo mfukoni, maana hapendi wazazi waingie kabla ya kukaribishwa. Wazazi walifika na mifuko yao: maparachichi, karanga, mikungu ya ndizi mbivu. Baba alishuka kwenye bodaboda akiwa na koti lake la kanisani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Uko tayari?"

"Niko tayari kusema ukweli, Baba."

Akanitazama kwa jicho kali, akaenda kuketi mbele pamoja na wageni.

Baada ya nyimbo na hotuba, Mwalimu Benjamin akaniita. Nilitembea mpaka mbele. Niliinua kichwa.

"Kemilembe ana jambo la kuwaambia," Mwalimu alisema.

"Shikamooni, wazazi wangu," nikasema. "Nimeambiwa niombe radhi kwa kubonyeza kengele ya moto. Sikuibonyeza. Nikiomba radhi nitakuwa nimewadanganya ninyi nyote, na kengele italia tena kama kawaida. Mkinifukuza, nifukuzeni kwa ukweli wangu. Kwa uongo sikubali."

"Kemilembe!" Baba alikuwa amesimama. "Mbele za watu? Unanijibu hivyo mbele za watu?"

"Mawe! Mama yangu!" mama mmoja akashangaa. "Mtoto huyu ana moyo."

Mwalimu alinyoosha mkono kunirudisha nyuma. Alikuwa amefungua kinywa kusema nafasi yangu ya bweni imekwisha, naapa niliyaona maneno yakija. Ndipo kengele ikalia.

Ililia kwa nguvu zake zote ndani ya bweni lililofungwa, wasichana wote wakiwa wameketi kwenye mabenchi na mimi nikiwa nimesimama mbele ya macho ya wazazi wote, mikono yangu ikionekana. Ainembabazi alipanda juu ya benchi akapiga kelele: "Nani sasa? Nani amebonyeza sasa?"

Mwalimu Benjamin hakupoteza muda. "Watoto wote uwanja wa netiboli! Walimu, wahesabuni!" Akazunguka madirisha yote akichungulia. Hakukuwa na moto wala moshi. Matroni akafungua mlango, nami nikajua atakwenda kufanya nini. Nikampita kwapani, nikafika kwenye paneli kabla yake, nikaiegemea kwa mgongo na kutandaza mikono.

"Toka hapo, mtoto!" Matroni alifoka.

"Sitoki! Kama ni mlio, nitauzima. Lakini kitufe cha kuanza upya hakiguswi mpaka mtu atazame juu!"

"Kemilembe, ondoka!" Baba alikuwa amefika naye, anahema.

"Baba, utanipiga baadaye. Sasa hivi tazameni kitufe cha ukutani. Kimezama?"

Mwalimu Benjamin akainama. Kitufe kilikuwa mahali pake, kizima kama siku kilipofungwa. Akakigusa pembeni kwa kidole. Kisha akasema taratibu, "Zima mlio, Kemilembe. Mlio tu."

Nikauzima. Taa nyekundu ya paneli ikabaki inawaka. Tuliingia ndani sote wanne, tukatembea katikati ya vitanda tukiwa tumeinua shingo. Kwenye kona ya mwisho, juu ya kitanda ambacho hakina mtu, kataa kadogo kalikuwa kanawaka kekundu.

"Basi," Mwalimu alisema. Aliketi kwenye kitanda kile akajifuta jasho. "Basi, mimi ndiye niliyekosea."

Kwa bahati Dada Noela alikuwa amekwisha kurudi Kayanga. Alipigiwa simu, akaja na pikipiki na begi lake la vifaa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmeanzisha upya?"

"Hatujagusa," Mwalimu alisema. "Huyu ametuzuia."

Dada Noela akanitazama akitabasamu. "Ni wewe wa bisibisi." Halafu akaacha kutabasamu, maana Mwalimu alimweleza mambo yote mpaka siku ile ya simu. "Dada yako nimekosa," akaniambia. "Nilisema ni wanafunzi bila kuja kuona. Fundi hatakiwi kufanya hivyo. Nisamehe."

Alipanda ngazi, akakishusha kitambua moshi cha kona, akakifungua juu ya kitambaa cheupe. Vumbi la kahawia likamwagika, na ndani yake vipande vyepesi vilivyokauka, kama maganda.

"Ndani ya hiki kuna mwanga mdogo," alieleza. "Moshi ukiingia unautawanya mwanga, nacho kinapiga kelele. Vumbi likijaa linafanya hivyo hivyo. Mkifagia, linatikisika, basi kengele. Lakini hili si vumbi la barabarani. Lina harufu."

Akaninyooshea kitambaa. Sikuhitaji hata kuinama. Mtoto gani wa Kibingo asiyejua harufu hiyo? Ndiyo harufu ya uwanja wetu tangu Mei mpaka Septemba.

"Ni kahawa," nikasema. "Kahawa ya maganda."

"Kahawa bwenini?" Mwalimu alishangaa. "Likizo ya Juni mimi nilikuwa kwetu Muleba. Matroni, kahawa imeingiaje humu?"

Matroni Beata alitazama vidole vya miguu yake. Na Baba, aliyekuwa amesimama karibu yangu, sasa alikuwa anatazama mlango.

Ndipo nikakumbuka. Likizo ile mvua ilinyesha bila kutarajiwa, na turubai zetu nyumbani zilikuwa tupu. Nilimwuliza Baba kahawa imekwenda wapi. Akacheka, akasema, "Iko mahali salama. Inalala vizuri kuliko wewe." Nilitamani nisiwe nimekumbuka. Nilikuwa nimekataa kusema uongo mbele ya watu wote, na sasa ukweli ulikuwa umenirudia ukiwa umevaa koti la baba yangu. Ningeweza kunyamaza. Jina langu lilikwisha kusafishika.

Lakini kama ningenyamaza, ule wimbo wangu wote wa ukweli ungekuwa wa kujitetea mimi mwenyewe tu.

"Baba," nikasema. "Mwezi wa Juni kahawa yetu ililala wapi?"

Dada Noela akajifanya anapanga bisibisi zake. Baba alivua kofia, akaigeuza mikononi, akaivaa tena.

"Ililala humu," alisema.

"Mwenyekiti alikuja kuomba ufunguo," Matroni akadakia, karibu kulia. "Mwenyekiti wa kamati! Ningemkataliaje? Kila jioni vibarua wake wanaimwaga sakafuni, wanaigeuza kwa reki, asubuhi wanaitoa juani. Na vile vifuniko, Mungu anisamehe, kimoja niliwekea sabuni, vingine nikawagawia wapishi."

"Stoo yangu inavuja," Baba alisema. "Nikaona sakafu ya saruji, bati jipya, nyumba tupu mwezi mzima, nikaikodia gari mpaka huku. Nani angeiacha kahawa iloe?"

Ukweli ni kwamba hakuna mkulima wa kwetu ambaye angeiacha. Ukiwa na chumba kikavu wakati wa mavuno, unaingiza kahawa kwanza, mengine unafikiri baadaye. Baba hakuwa mwizi wala mtu mbaya. Alifanya ambalo jirani yeyote angefanya, ila alifanya kimyakimya, na hakumwambia hata Mwalimu Mkuu.

Dada Noela alivisafisha vitambua moshi vyote kwa brashi laini na pampu ya kupuliza upepo. Kile cha kona alikibadilisha kabisa. Kisha akapima kazi yake. Alitoa kimoja, taa ya njano ikawaka, akakirudisha, ikazimika. Alikata umeme wa ukutani, paneli ikaendelea kwa betri yake. Akapuliza moshi kidogo wa kopo chini ya kitambua moshi, kengele ikalia. Wenzangu walikimbia uwanjani, na safari hii mimi ndiye niliyetangulia mbele yao.

Tulipodhani siku imekwisha, Baba alimwomba Mwalimu awaketishe tena wazazi. Alikwenda kusimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi asubuhi.

"Ndugu wazazi," alisema, "mliambiwa kuna mtu atawaomba radhi leo. Ni kweli yupo, ila mlionyeshwa asiyekuwa yeye. Vumbi lililoliza kengele ni la kahawa yangu. Niliianika bwenini bila ruhusa ya Mwalimu Mkuu. Naomba radhi kwenu, kwa walimu, na kwa watoto niliowakimbiza bure."

Wazazi walinong'ona. Baba akangoja wamalize.

"Sijamaliza. Kubwa kuliko kahawa ni hili. Mwanangu aliniambia hakufanya kosa, nami nikamwambia aombe radhi ili yaishe. Yangeisha kwangu mimi mwenyekiti, ambaye sikutaka aibu. Kwake yasingeisha. Na kengele ingeendelea kuwadanganya watoto wenu, mpaka siku moja moto wa kweli uje, wote wabaki wamelala wakisema ni yule Kemilembe tena. Watoto, nisikilizeni. Ukikosa, kubali siku hiyo hiyo, kama alivyokubali huyu kwamba alikosea kukimbilia kengele badala ya kutoka nje. Usipokosa, usikubali, hata akikulazimisha mwalimu. Hata akikulazimisha baba yako."

Mwalimu Benjamin akasimama kando yake. "Na sisi watu wazima," aliongeza, "mtoto akisema 'si mimi', tutazame kwanza, ndipo tuhukumu. Nilikuwa na ufunguo ndani ya droo yangu na sikutaka kuuliza unasema nini. Kemilembe, kitanda chako kipo."

Wazazi wakapiga makofi. Matroni alikuwa ameondoka, na alirudi akiwa na vifuniko vya njano ndani ya ndoo, vimeoshwa vyote, kimoja bado kinanukia sabuni.

Nilimsindikiza Baba mpaka barabarani kungoja bodaboda. Kisha akanishika kichwa, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo.

"Uliniuliza mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, Baba. Nisamehe kwa aibu. Kwa swali siombi radhi."

Akacheka mpaka koti lake likatikisika. "Najua," alisema. "Usiliombee."

Bodaboda ikasimama. Alipokuwa anapanda nikamwuliza, "Na mwakani, Baba, mvua ikinyesha tena, kahawa italala wapi?"

"Kwenye kitanda changu," alijibu. "Mimi nitalala kwenye stoo inayovuja mpaka nijifunze kuiezeka."